Tai Hakujibeba Mlimani

"Mwambie jirani yako: wewe ni tai!"

Nikamgeukia jirani yangu. Alikuwa mama wa makamo, amejitanda khanga juu ya gauni la kitenge, mkononi kashika kijitabu cha mazoezi alichouziwa mlangoni. Nikamwambia yeye ni tai. Naye akaniambia mimi ni tai. Tukacheka kidogo, kwa haya, kisha tukageukia mbele tena kwa kuwa mnenaji alikuwa keshafika mbali. Majina hatukuulizana. Baadaye sana, kwenye foleni ya maji, ndipo nikajua kwamba anauza vitumbua karibu na stendi na kwamba kiingilio cha shilingi 50,000 alikitoa kwenye mkopo wa kikoba. Waliolipa 150,000 walikaa mbele, kwenye viti ambavyo mshereheshaji aliviita "viti maalumu" bila hata kutabasamu.

Mada ya siku hiyo ilihusu uwezo uliolala ndani yako. Mnenaji, mtumishi wa Mungu mwenye suti ya buluu na viatu vilivyochongoka, alitusimulia kisa cha tai aliyelelewa na kuku hadi akajiona kuku. Ukishajua wewe ni nani, akasema, hakuna wa kukuzuia kutoboa. Ukumbi ukasimama. Watu wakapiga kelele, wengine wakalia. Namba ya kulipia ikawaka kwenye skrini.

Kisa kile kiliibwa. Na hakikuibwa chote: kiliibwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo Injili.

Mwenye kisa alikuwa na jina. Aliitwa James Emman Kwegyir Aggrey, mzaliwa wa Anomabo, pwani ya nchi ambayo leo ni Ghana. Mwalimu, na mchungaji aliyewekewa mikono katika kanisa moja la Kimethodisti la watu weusi wa Marekani. Mwaka 1924 alipita huku kwetu, Kenya, Uganda na Tanganyika, akiwa mjumbe wa tume ya Phelps-Stokes iliyokuwa ikikagua elimu ya Waafrika. Kisa cha tai alikuwa akiwasimulia watu waliolipishwa kodi ya kichwa huku wakiambiwa kwamba kichwani hamna kitu. Sasa kinasimuliwa kila Jumamosi katika kumbi za hoteli, kwenye video za simu, kwenye sherehe za mahafali, na sijapata hata mara moja kumsikia msimuliaji akimtaja mwenyewe.

Jina tungeweza kusamehe. Hadithi za Waafrika zimezoea kusafiri bila pasipoti. Kisichosameheka ni walichokikata. Aggrey alisimulia hivi: mtu mmoja alimkamata kinda wa tai porini, akamtia bandani, akamlisha chakula cha kuku. Miaka ikapita. Akatokea mtaalamu wa viumbe, akasema huyu ni tai. Mwenye banda akajibu, alikuwa tai, sasa ni kuku. Wakakubaliana wamjaribu. Mara ya kwanza mtaalamu akamwinua mikononi, akamwambia yeye ni tai na aruke. Tai akaona wenzake wanadonoa chini, akashuka kuwafuata. Mara ya pili akampandisha juu ya nyumba, akamwambia vilevile; tai akashuka vilevile. Mara ya tatu mtaalamu akaamka alfajiri, akambeba hadi nje ya mji, mlimani, jua linapochomoza, akamfanya alitazame jua lenyewe. Ndege akatetemeka mwili mzima kana kwamba uhai mpya unamwingia, kisha akaondoka na hakurudi tena.

Hebu tazama nani anafanya nini humo. Mara mbili za kwanza tai aliambiwa yeye ni nani, tena waziwazi, na hakuna kilichobadilika. Alipandishwa hata juu ya paa, yaani alipelekwa "viwango vingine" kama wanavyosema wenyewe, na bado akarudi kwenye mtama. Semina nzima niliyoilipia ni majaribio ya kwanza na ya pili, yale mawili yaliyoshindwa! Kilichofaulu ni kwamba kuna aliyeamka usiku, akambeba, akatembea naye safari ndefu hadi mbele ya kitu kikubwa kuliko wote wawili. Tai hakujibeba mlimani. Wala nguvu ile hakuipata kwa kujitazama. Aliipata kwa kulitazama jua.

Na kuna kipande kingine kilichokatwa. Aggrey alipomaliza kisa chake aliwaambia watu wa Afrika kwamba wameumbwa kwa mfano wa Mungu, na kwamba kuna watu waliowafanya wajione kuku. Alisema kwa wingi, na alimnyoshea kidole mwenye banda. Mtumishi wetu mwenye suti ya buluu alisema "wewe", "wewe", "wewe", kwa saa mbili na nusu, na mwenye banda hakutajwa. Mama wa vitumbua ana mwenye banda wake. Ana mikopo kausha damu, ana mgambo wanaomwaga unga wake wakisema amekaa pasiporuhusiwa, ana bei ya mafuta ya kupikia. Katika teolojia ile vyote hivyo vimeyeyuka vikawa tatizo moja lililomo ndani yake mwenyewe: hajajitambua. Basi akishindwa mwakani, ni yeye. Akifaulu, ni mbegu aliyoipanda kwa mtumishi. Biashara ya namna hiyo haina hasara, bwana. Hata bima hazijaivumbua.

Nafahamu jibu linalonisubiri. Utaniuliza, je, Ukristo haufundishi kwamba mtu anaweza kugeuka? Unafundisha, na kwa ujasiri unaowatia kizunguzungu hata wanaoamini. Athanasio wa Aleksandria, katika karne ya 4, alithubutu kuandika kwamba Mungu alijifanya mtu ili sisi tushirikishwe maisha ya Mungu, na Wakristo wa Mashariki hadi leo wanaujenga wokovu wao wote juu ya wazo hilo. Hakuna mnenaji wa hotelini aliyewahi kumwahidi mtu kikubwa namna hiyo. Wao wanaahidi Prado. Nikiwalaumu kwa jambo lolote kuhusu tumaini, nawalaumu kwa udogo wa tumaini lenyewe.

Tena Kiswahili chetu kilishaijua tofauti zamani. Waliotafsiri Biblia, walipofika Warumi 12:2, hawakuandika "mjigeuze". Hawakuandika hata "mgeuke". Waliandika "mgeuzwe". Mtoto wa darasa la tano anajua kinyambuo hicho: mtendaji ni mwingine, mimi natendwa. Na Kigiriki cha Paulo ndivyo kilivyo, kitenzi kiko katika hali ya kutendwa, na ni kitenzi kilekile kinachotumika pale Yesu anapogeuka sura mlimani mbele ya Petro, Yakobo na Yohana. Kinarudi katika 2 Wakorintho 3:18, nako hali ni hiyohiyo, na tena kuna kutazama: watu wanaotazama utukufu usio wao ndio wanaobadilishwa. Aggrey, mchungaji, alikuwa anaijua aya hiyo. Nina hakika jua lile halikuingia kwenye kisa chake kwa bahati.

Hii teolojia ya "mjigeuze" ina ukoo wake, nao haupiti Yerusalemu. Karne ya 19 fundi saa mmoja wa jimbo la Maine, Marekani, jina lake Phineas Quimby, alifundisha kwamba maradhi ni fikra potofu na tiba ni kufikiri sawasawa. Kutoka kwake na wafuasi wake ikaota shule nzima ya watu walioamini kwamba akili ya mtu inaumba hali yake. Mwaka 1952 mchungaji wa New York, Norman Vincent Peale, akaitia shule hiyo kanzu ya Kikristo katika kitabu kuhusu nguvu ya kuwaza mema, na kitabu kikauzwa kama njugu. Kule Oklahoma, Kenneth Hagin akafundisha kwamba ulitamkalo kwa imani utalipata. Kanda za kaseti zikavuka bahari. Leo ukimsikia kijana wa Mbagala "akitamka" gari kwa jina la Yesu, ujue anazungumza lahaja ya Maine na Oklahoma kwa Kiswahili fasaha.

Nisimdhulumu mtu. Katika safu hiyo yupo mmoja ninayemheshimu, Myles Munroe wa Bahamas, ambaye kitabu chake kuhusu uwezo wa mwanadamu kilitoka mwaka 1991 na kimesomwa Afrika Mashariki mpaka kurasa zikachakaa. Alizaliwa kisiwani, chini ya utawala wa Kiingereza, katika familia isiyo na kitu, na aliposema kwamba mtu mweusi ana hazina ndani yake alikuwa anajibu matusi halisi. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 2014. Lakini fundisho lake mashuhuri, lile la kwamba makaburini ndiko kwenye utajiri mkubwa kwa sababu watu wamezikwa na vitabu wasivyoandika na kampuni wasizoanzisha, siwezi kulipitisha. Nimezika watu. Nimesimama kando ya kaburi la mwanamke aliyelea yatima sita wasio wake, hakuandika kitabu, hakuanzisha kampuni, na aliondoka ametumika mpaka tone la mwisho. Ukiniambia pale amelala mtu aliyepoteza uwezo wake, nitakuomba utoke makaburini kabla vijana hawajakusikia.

Twende kwenye maandiko yao wanayoyapenda, maana hapo ndipo mkasi unapoonekana. Yeremia 29:11, mawazo ya amani na tumaini siku za mwisho: imo kwenye kalenda, kwenye fulana, kwenye vioo vya nyuma vya daladala. Aya ya 10, iliyo mstari mmoja tu juu yake, inasema ni baada ya miaka 70. Barua ile waliandikiwa mateka Babeli, na wengi waliosomewa siku hiyo walikuwa wakiambiwa kwamba watafia ugenini. Tena kabla ya hapo wameagizwa wajenge nyumba, wapande bustani, waombee mji wa maadui zao uwe na amani. Nabii aliyekuwa akiwaahidi mpenyo wa haraka alikuwepo pia, Hanania wa sura ya 28. Alitoa miaka 2. Katika kitabu hicho yeye ndiye nabii wa uongo, lakini leo angekuwa na televisheni.

Wafilipi 4:13 ni vivyo hivyo. Kuweza mambo yote! Aliyeandika alikuwa amefungwa, na aya inayotangulia inaeleza mambo yenyewe ni yapi: kushiba na kuona njaa, kuwa navyo na kupungukiwa. Paulo alikuwa anasema kwamba anaweza kulala njaa bila kumkana Bwana wake. Nimeiona aya hiyo juu ya bango la duka la kamari ya mpira.

Ila talanta ndiyo iliyonichosha. Siku ile mnenaji alitumia dakika arobaini juu ya Mathayo 25. Kila mtu ana talanta yake, akasema, kuimba, kusuka, kuongea, kucheza mpira, na ole wako ukiifukia. Jamani, talanta ni uzito! Ilikuwa kipimo cha fedha kwenye mizani, dinari zipatazo 6,000, wakati dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Mtumwa aliyekabidhiwa talanta moja alikabidhiwa karibu miaka ishirini ya jasho la kibarua, na kila shilingi yake ilikuwa mali ya bwana. Maana ya "kipaji" ilikuja baadaye sana, kwa njia ya wafasiri wa Ulaya waliousoma mfano huo kwa karne nyingi mpaka neno lenyewe likahama kutoka kwenye mizani likaingia kifuani mwa mtu. Kuhama kwenyewe si dhambi, lugha huhama. Dhambi ni kusahau kwamba fedha ile ilikuwa ya mtu mwingine na kwamba ilikuwa na siku ya hesabu. Na hesabu yenyewe ikoje? Sura haiishii kwa mtumwa mlegevu. Inaendelea papo hapo na Mwana wa Adamu anayeuliza juu ya wenye njaa, wageni, walio uchi, wagonjwa, wafungwa. Mnenaji alifunga Biblia kwenye aya ya 30. Waliobaki nje ya mkasi ndio hao, wenye njaa na wafungwa.

Huku kwetu mkasi huu umeshaua watu. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyawahi mafuta yaliyosemekana kuwa ya upako. Siwacheki waliokimbilia. Mwenye njaa hana miiko, na mama anayeambiwa kwamba muujiza wa mwanawe umo katika hatua tatu za kukanyaga mafuta atakimbia. Hata mimi ningekimbia. Lakini fikiria picha yenyewe: watu wanaotafuta kuinuliwa wanapita juu ya miili ya majirani zao kuufikia mwinuko huo. Hakuna mchoraji wa katuni ambaye angethubutu kuichora.

Sasa niseme ninachokitetea, maana kubomoa pekee ni kazi ya tingatinga.

Mwezi Septemba 1929, juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, daktari mmoja Mwingereza aliyechoka mpaka mifupani, Joe Church, alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, mtumishi wa idara ya afya. Wakakaa na Biblia siku mbili hivi. Church akarudi kazini Gahini, Rwanda; Nsibambi baadaye akaacha kazi na kuanza kuhubiri barabarani. Katika miaka iliyofuata moto ukawaka Gahini, ukavuka Uganda, ukaingia Bukoba, ukaingia Kenya. Waganda wakawaita balokole, sisi tukawaita walokole, na mwanzoni jina hilo halikuwa la heshima. Kanisa lenyewe liliwaogopa: mwaka 1941 chuo cha teolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26 kwa sababu yao. Neno lao lilikuwa "zukuka", amkeni, alilolipigia kelele Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, muda mfupi kabla ya kufa mwanzoni mwa mwaka 1936.

Hao nao walihubiri kugeuzwa. Lakini sikia walivyokupima. Ukisimama mkutanoni ukasema umeokoka, wimbo wa Tukutendereza ungeimbwa, ungekumbatiwa, kisha mzee mmoja angekuuliza kwa upole: na vya watu?

Na vya watu. Umevirudisha? Jembe la jirani, mbuzi wa shemeji, vikombe vya misheni, kodi uliyoikwepa, mke uliyemtukana, mzungu uliyemchukia? Festo Kivengere, ambaye baadaye alifundisha Dodoma na hatimaye akawa askofu wa Kigezi, alipookoka alipanda baiskeli akaenda safari ndefu kumwomba radhi mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia. Ndiyo semina aliyoihudhuria. Watu walibeba vitu vichwani wakavirudisha mchana kweupe, na makarani wa serikali wakapokea fedha wasizojua waziandike kwenye safu ipi ya kitabu. Walikuwa na Zakayo wa Luka 19 moyoni: mtoza ushuru hakutangaza kwamba ameutambua uwezo wake, alitangaza kwamba atarudisha mara nne. Wokovu ukaingia nyumbani mwake, na fedha zikatoka.

Kwa hiyo jirani ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza wa kugeuzwa kwako. Huko hotelini jirani ni mtu wa kuambiwa. Kwa walokole jirani alikuwa mtu wa kuulizwa.

Na uwezo wao? Wakati wa hali ya hatari Kenya, baada ya Oktoba 1952, walokole wengi wa Kikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao walikataa pia bunduki ya mkoloni ya kujilinda. Wakauawa. Unaweza kubishana nao kisiasa, na mimi hubishana nao, lakini usiniambie kwamba hawakuwa na nguvu ndani yao. Askofu Mkuu Janani Luwum, mlokole tangu mwaka 1948, alimkabili Idi Amin juu ya watu waliokuwa wakipotea, na tarehe 16 Februari 1977 akauawa. Kwa vipimo vya suti ya buluu Luwum alipoteza kila kitu: nafasi, mtandao wa watu wakubwa, msimu wake. Kivengere akatoroka kwa miguu kuvuka milima kuingia Rwanda, kisha akaandika kitabu ambacho kichwa chake tu kinamtia mtu aibu, kwamba anampenda Idi Amin. Mwaka huohuo wa 1977 Josiah Kibira, mtoto wa uamsho wa Bukoba, alichaguliwa jijini Dar es Salaam kuwa rais wa Walutheri duniani, Mwafrika wa kwanza. Sidhani kama aliwahi kujitamkia cheo hicho mbele ya kioo.

Hapa msomaji mkali atanikata kauli, na ana haki. Gahini iko Rwanda. Moto ule uliwaka Rwanda kwanza, na mwaka 1994, katika nchi hiyohiyo ya Wakristo, watu waliokimbilia makanisani kama lile la Nyamata waliuawa humohumo. Walokole walikuwa wapi? Wengine walikufa wakiwaficha majirani zao. Wengine walinyamaza. Wengine, ole wetu, walikuwamo. Sitalifunika hilo kwa wimbo. Uamsho ulijua kutubia kikombe kilichoibwa kuliko ulivyojua kutubia kitambulisho kilichoandikwa kabila. Uliishia mara nyingi kwenye mambo madogo, urefu wa sketi, nani alionekana kilabuni, na ukaliacha banda lenyewe limesimama na mwenye banda akiwa mzee wa kanisa. Lakini angalia tunaushitaki kwa sheria gani. Tunaushitaki kwa swali lake wenyewe: na vya watu? Lingeulizwa hadi mwisho, hadi kwenye ardhi, hadi kwenye vyeo, hadi kwenye damu, lingewaka zaidi. Semina ya uwezo huwezi hata kuishitaki hivyo, kwa sababu haina swali la namna hiyo la kulisaliti.

Watumishi wenzangu katika Kristo, ninyi wenye kumbi: mnayo makutano ambayo Nsibambi hakuwahi kuwa nayo. Mbele yenu wameketi maofisa wa ardhi waliouza kiwanja kimoja mara mbili, wenye maduka wenye mizani mbili, waume wenye watoto wasiowatunza, wabunge. Jumamosi moja tu, msiseme "mwambie jirani yako". Ulizeni lile swali la walokole, kisha mzime skrini yenye namba ya kulipia na msubiri muone nani atabaki ukumbini. Na mkianza, anzeni na viti maalumu. La, anzeni na kiingilio cha mama wa vitumbua.

Babu yangu mzaa baba alikuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha wakulima wa kahawa huko Kagera. Kila gunia la kahawa ya maganda lililopita mkononi mwake lilipungua kilo mbili, tatu, na kilo hizo zilijikusanya kimyakimya kwenye daftari chini ya jina la mdogo wake. Aliokoka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Walokole wenzake walimwuliza walilomwuliza, akakaa siku nne haendi kazini, kisha akauza baiskeli yake aina ya Raleigh, akauza na ng'ombe mmoja, akanunua daftari jipya na kuandika majina aliyoyakumbuka. Akatoka kibanja hadi kibanja. Kuna waliofurahi. Kuna waliodhani amelewa. Bibi mmoja mjane alizipokea, akazihesabu mara mbili, akamwambia amezidisha, akamrudishia senti.

Mzee mmoja alikataa. Alisema msimu ule kahawa yake ilipopungua alikosa ada, na kijana wake wa kwanza hakurudi tena shule. "Nirudishie ule mwaka," akamwambia, akaingia ndani. Babu hakuwa na mwaka wa kumrudishia. Alirudi pale kila msimu wa kahawa, akakaa kwenye jiwe nje ya ua, wakati mwingine akikaribishwa, mara nyingi la, mpaka yule mzee alipofariki.

Daftari liko kwa shangazi, ndani ya sanduku la bati pamoja na kitabu cha nyimbo. Majina 31 yamepigwa mstari wa wino wa buluu. La 32 halijapigwa.